Zamu haikuahirishwa: baridi ya Minneapolis, Januari 2019

Asubuhi ya tarehe 30 Januari 2019, baridi ya Minneapolis, Marekani, ilifika nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri, na upepo ukaifanya ngozi ihisi zaidi ya 45. Shule zilifungwa, na hata posta ikasitisha kupeleka barua. Mimi nilikuwa na zamu katika nyumba ya kutunzia wazee. Mzee lazima aoshwe, alishwe, apewe dawa, iwe baridi au jua. Kilichobaki ni kupanga nitakaa nje dakika ngapi.

Kwa upepo wa namna ile, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 au pungufu. Kwa hiyo sikwenda kusimama kituoni. Nilibaki ukumbini chini, nikifuatilia basi kwenye simu, nikatoka lilipokaribia. Simu niliitia mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu betri huisha haraka kwenye baridi.

Mwilini nilitanguliza fulana isiyo ya pamba, maana pamba hushika jasho na jasho hukupoza. Juu yake sweta la sufu, kisha koti lisilopitisha upepo. Glavu zangu ni zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja vikipeana joto. Na buti zisibane: ukishindilia soksi mbili nene ndani ya buti dogo, damu haifiki vidoleni.

Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa mgeni kutoka Mombasa, alichungulia dirishani akaniuliza, "Shangazi, mbona jua linawaka hivi?" Nikamwambia, "Mwanangu, jua la huku usilisadiki." Usiku usipokuwa na mawingu, joto la ardhi hupotelea angani, na asubuhi yenye anga safi kabisa ndiyo huwa kali kuliko zote.

Kuna jambo ambalo natamani kila mtu mweusi aambiwe siku anapofika. Maelekezo mengi husema tazama wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri. Tazama sehemu iliyopauka, ya kijivu au kama nta, iliyoanza kuwa ngumu na kufa ganzi. Na maumivu yakikatika ghafla ungali nje, usifurahi. Ingia ndani upesi.

Siku hiyo mfanyakazi mwenzangu aliingia ncha ya sikio imepauka, haisikii kitu. Mkono ukaenda kulisugua, nikauzuia, kwa sababu kusugua huumiza nyama iliyoganda. Tulimwekea kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, na joto lake nililipima mimi kwa kiwiko, maana sikio lenye ganzi laweza kuungua bila mwenyewe kujua. Lilipoanza kuamka lilimuuma hadi machozi, kisha rangi ikarudi. Lingebaki gumu au kutoa malengelenge, tungekwenda hospitali mara moja.

Jioni alinipa lifti. Kabla ya kuwasha gari tulizunguka nyuma kuhakikisha theluji haijaziba bomba la moshi, kwani kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyo ndani ya moshi huo, haina harufu na huua watu waliokaa garini wakiota hita. Kwenye buti la gari lake huweka blanketi, koleo na nyaya za kuamshia betri, na tangi la mafuta haliachi lishuke chini ya nusu majira hayo yote.