Mti wa Krismasi Tanga: wa kukata, wa plastiki au wa kwenye ndoo?

Desemba ya Tanga ni joto, upepo wa kaskazi na hewa ya chumvi. Hayo matatu ndiyo ya kutazama unapochagua mti, kabla hata hujauliza bei.

Mti wa kukata, yaani msaipresi wa Lushoto, umekulia kwenye ubaridi, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Ukishakatwa na kufungwa juu ya keria ya basi, upepo huukausha toka Soni na Mombo mpaka mjini. Kwa hiyo usinunue kwa macho tu. Kunja kitawi: kibichi hupinda, kikavu hukatika. Sugua majani kiganjani. Kama hayatoi harufu, uache. Inua mti ugonge kitako chini mara mbili, na yakipukutika majani ya kijani, huo umekwisha. Muulize muuzaji umevunwa wapi na kwa kibali gani. Anayekwepa swali hilo asipate hela yako.

Nyumbani, kata kitako upya kwa msumeno, sentimita 2 au 3, kisha tia mti majini papo hapo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mkato ukikaa hewani kwa saa kadhaa, utomvu huganda na kuziba njia za maji. Ukishaziba, mti haunywi hata ukiujazia pipa. Wala usichonge shina ili lienee kwenye chombo, maana maji hupanda kwa tabaka za nje, chini ya gome. Na ule mtindo wa kuusimika kwenye ndoo ya mchanga mkavu husimamisha mti vizuri na kuuua upesi. Tumia ndoo ya lita 20, kaza shina kwa mawe makubwa, jaza maji matupu bila sukari wala soda. Kadiria lita moja kwa siku kwa kila sentimita 2.5 za upana wa shina, na mkato usibaki wazi hata kidogo. Weka mbali na feni na dirisha la jua. Pamba kuanzia tarehe 18 hivi, si mwanzoni mwa mwezi, kwa sababu msaipresi ukikauka hushika moto kwa kasi ya kutisha.

Ndiyo maana taa ziwe za LED, zisizopata joto sana. Nyingi za bei nafuu huja na plagi ya pini mbili. Tafadhali usizilazimishe kwenye soketi kwa kuchokonoa tundu la juu na kalamu. Nunua adapta yenye fyuzi.

Mti wa plastiki unafaa kwa anayekusudia kuutunza miaka mingi. Carbon Trust, shirika la Uingereza linalopima hewa ukaa, ilikadiria kuwa wa mita 2 unasababisha takriban kilo 40 za hewa hiyo, na wa asili ukichomwa baada ya sikukuu kilo 3.5. Ukitumia misimu mitatu ukautupa, umepata hasara mara mbili. Kinachouua huku pwani ni kutu kwenye bawaba na miguu, hasa nyumba za Raskazone zinazopigwa na upepo wa bahari: futa vumbi, paka chuma mafuta ya mashine, funga kwa shuka kuukuu. Usiuhifadhi darini chini ya bati. Joto hulegeza plastiki na matawi hupinda.

Kwa maoni yangu, mwenye kibaraza chenye jua achague mvinje hai, mti wa pwani wenye majani kama sindano, kwenye ndoo. Mchanga, joto na chumvi ndivyo vilivyo kwao. Toboa matundu matano chini ya ndoo, changanya mchanga na mboji nusu kwa nusu, ongeza konzi mbili za udongo wa chini ya mvinje mkubwa, kwani una vijidudu vinavyosaidia mizizi kupata naitrojeni. Punguza ncha mara kwa mara ili matawi yasongamane. Matawi yake ni laini, kwa hiyo mapambo yawe ya karatasi au ya ukili, si mipira mizito. Ndani usikae zaidi ya siku kumi, maana kivuli huudhoofisha. Masika yakianza mwezi Machi unaweza kuuhamishia ardhini, mbali na ukuta na shimo la choo, kwa sababu ni mti unaoweza kupita mita 20.