Rotenoni imefunga, saksineti ikapita

Jamani leo maabara ilikuwa tamu, ingawa mikono bado inanuka ini la panya 😅

Tulikuwa tunapima mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli, zinavyovuta oksijeni. Unazitoa kwenye ini haraka haraka, kila kitu kiko kwenye barafu maana zikipata joto mapema zinaharibika, halafu unazitia kwenye kachupa kenye elektrodi unakodolea skrini.

Tukazipa glutameti na maleti (chakula chao) na ADP (malighafi ya ATP, ile sarafu ya nishati ya seli), mstari wa oksijeni ukashuka vizuri tu.

Kisha nikatia rotenoni, ile sumu.
Mstari ukalala. Tambarare kabisa!

Na rotenoni wengi mnaijua bila kujua, imo kwenye utupa, ule mmea wanaotwanga wakavulia samaki, samaki anakosa pumzi na maji yamemzunguka.

Sasa nikadondosha saksineti, chakula kingine cha mitokondria, milimola 10 kwa lita.

Weee! Mstari ukainama palepale ukaanza kushuka tena, nikajikuta nimemng'ang'ania mwenzangu bega. Si unajua rotenoni inaziba kompleksi ya 1 tu, ule mlango wa mnyororo wa elektroni ambako glutameti na maleti huingilia, saksineti inaingilia kompleksi ya 2, mlango mwingine, inapeleka elektroni moja kwa moja kwa ubikwinoni, mbebaji anayezipeleka mbele, kama abiria aliyedandia daladala kituo cha mbele. ATP zinatoka chache kidogo kwa sababu kompleksi ya 1 haijasukuma protoni zake, ila kupumua zinapumua!

Mwisho tukaweka maloneti, ikabana kompleksi ya 2, kwisha habari.

Haya, watu wa baiokemia mpo? Nyie mnatanguliza rotenoni kila mkitumia saksineti au mnairuka? Hasa mnaofanyia misuli, nisimulieni hapo chini 👇🏾