Saa mbili ya wapi, dokta?

Mbukwenyi jamani. Nimerudi Dodoma, miaka saba si mchezo. Nimeshuka na SGR toka Dar masaa matatu na ushee tu, mi niliondoka enzi zile unapanda basi Ubungo alfajiri unafika kiuno kimekauka na vumbi mpaka masikioni, sasa nashuka stesheni naangaza macho kama mgeni.

Nilikuwa Austria, na masomo ya juu ya kiharusi nimeyasomea Krems, kamji kadogo kando ya mto Danube, na cha kuchekesha nao ni watu wa zabibu kama sisi, vilima vizima mizabibu mitupu, ila wao wanavuna mara moja kwa mwaka basi nilikuwa nawatambia kwetu Dodoma ni mara mbili. Darasani wote tulishakuwa madaktari, hamna cha kukariri mifupa. Somo kubwa ni saa. Mshipa mkubwa ukiziba ubongo unapoteza seli kama milioni 1.9 kila dakika. Sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, alteplasi, kwa kawaida ina masaa 4.5 toka dalili zianze, na huichomi kabla ya CT skani, ile picha ya kichwa, maana kama ubongo unavuja damu utammaliza mgonjwa mwenyewe. Kuna na ile ya kupitisha mrija kwenye paja kwenda kuvuta bonge la damu kichwani, tafiti za 2015 zilimaliza ubishi, za 2018 zikaonyesha wengine wanasaidika hata ndani ya masaa 24.

Kwa hiyo swali la kwanza ni moja, mara ya mwisho kaonekana mzima saa ngapi? Sio mmemkuta saa ngapi.

Sasa wiki yangu ya pili nyumbani, saa kumi na moja alfajiri simu toka Mvumi, binamu analia, shangazi mdomo umeenda upande, mkono wa kulia hauinuki, anaongea haeleweki. Nikauliza swali langu. "Alikuwa mzima saa mbili." Kichwani nikapiga hesabu, saa nane usiku mpaka sasa masaa matatu, tukikimbia tunawahi, nikafoka wapakie gari sasa hivi na mimi na mama tukatoka kuwapokea. Njiani mama ananisikia nahesabu dakika akauliza, we mtoto, saa mbili ya wapi hiyo? Shangazi yako kaenda kulala taarifa ya habari inaanza!

Saa mbili usiku. Ishirini kamili. Yaani miaka saba ya saa za wazungu imenisahaulisha saa za kwetu. Masaa tisa yalishapita, na kumbe walimkuta vile toka saa tisa usiku, mtu akasema ni upepo mbaya, wakamkanda mafuta kwanza, mimi nikapigiwa mwisho. Na vidonge vya presha aliacha kitambo, eti anajisikia vizuri. Presha ndo ilivyo, haiumi.

Picha ikaonyesha mshipa umeziba, hamna damu iliyovuja. Sindano ndo hivyo, imetupita, ile ya mrija nayo hatukuipata, akaanzishiwa aspirini.

Ila kitu cha Krems kilichofanya kazi siku ile ni kijiko. Jirani kaja na chupa ya uji wa uwele, anataka kumnywesha shangazi amelala chali. Nikaishika ile chupa. Nikamkalisha wima, kijiko kimoja cha maji, akakohoa, sauti ikawa kama mtu anasukutua. Koo halifanyi kazi, uji ule ungeenda mapafuni, na nimonia inaua wagonjwa wa kiharusi wengi tu waliokuwa wameshapona nusu. Akawekewa mpira wa puani. Jirani alinuna balaa, "umeenda kusoma Ulaya uje umnyime shangazi yako uji?" Nikakosa jibu kiukweli, nikamkalisha tu karibu nikamwonyesha ule mtihani wa maji, tulikuwa tunaurudia kila siku.

Siku ya tisa shangazi akameza bila kukohoa. Mkono bado, maneno yanarudi moja moja, mazoezi yanaendelea.

Mi kwenye faili siku hizi naandika 20:00 na pembeni "saa mbili usiku, taarifa ya habari". Jana jirani kaja tena na uji, kasimama mlangoni na kijiko chake mkononi, anauliza, "kakaa wima au bado?"