Kuta za Tottenham Court Road na magoti ya mama

Mama ameshalala. Magoti ameyapaka dawa yake ya kuchua, nyumba nzima inanuka karafuu, nami nimekaa jikoni niandike kabla ya leo haijanitoka.

Asubuhi nilimpeleka British Museum. Yeye mwenyewe alitaka. Kabla hajaondoka Tanga, jirani alimwambia Waingereza wana jumba wamekusanya vitu vya dunia nzima, naye akaapa atakwenda kuangalia kama na vyetu vimo. Tukapanda treni Stratford, tukateremkia Tottenham Court Road, kituo cha treni za chini ya ardhi katikati ya London. Tumeshapita Liverpool Street ndipo akajipapasa kifuani na kugundua miwani ameiacha mezani. Nikamwambia turudi. "Turudi wapi? Nitaona ninavyoona."

Kituo kile nakijua kama mtu anavyojua jiko lake. Nilianza kusafisha ofisi mtaa wa nyuma yake mwaka 2008, zamu ya jioni, wakati wenye ofisi wanatoka na sisi ndio tunaingia. Ukumbi wa tiketi ulikuwa chini ya barabara, mdogo, dari limeinama, na saa ya watu kurudi makwao ilikuwa ni kubanana kama daladala la Mbagala. Siku nyingine msongamano ulizidi wakafunga milango ya juu, watu tukasimama kwenye mvua tukisubiri wa chini wapungue.

Halafu wakaanza kubomoa. Mwaka 2009 ukumbi wa muziki wa Astoria, uliokuwa pale juu kwa miaka mingi, ukaangushwa kupisha upanuzi wa kituo. Mwaka 2011, kuanzia Aprili mpaka Novemba, treni za njia ya Northern zikawa hazisimami pale. Mimi natumia njia nyingine, ya Central, kwa hiyo hilo lilinipita. Lililonipata ni la 2015. Tangu mwanzo wa Januari mpaka Desemba, karibu mwaka mzima, treni ya Central ikawa inapita pale bila kusimama. Unaona jukwaa dirishani, giza, mabomba, mtu mmoja mwenye kofia ngumu, kisha hulioni tena. Nikawa nateremkia Holborn, kituo cha jirani, na kutembea. Ukiwa na ndoo yako ya miaka saba mgongoni, kutembea kwa baridi ya Februari si mazoezi.

Mwezi uleule wa Januari ndipo zogo la picha lilipoanza.

Nieleze kwa asiyejua. Kuta za kituo kile zimefunikwa nakshi za vioo vidogo vidogo vya rangi, mozaiki, karibu mita za mraba elfu moja. Alizibuni Eduardo Paolozzi miaka ya themanini mwanzoni. Alichukua vitu vya mtaani pale pale juu, maduka ya vyombo vya umeme na kamera, maduka ya muziki, vinyago vya jumba la makumbusho, akavichanganya na magurudumu ya mashine, ukutani kukawa kama ndoto ya fundi redio. Paolozzi alizaliwa Leith, bandari ya Edinburgh, mwaka 1924, mtoto wa Waitaliano wauza aiskrimu. Italia ilipoingia vitani 1940, Waingereza walikamata wanaume wa Kiitaliano waliokuwa kwao. Baba yake, babu yake na mjomba wake walipakiwa kwenye meli ya Arandora Star kupelekwa Kanada, ikapigwa na nyambizi ya Wajerumani, wakafa maji wote watatu. Miaka arobaini baadaye huyo huyo mtoto wa wahamiaji akapewa kuta za mji mkuu azipambe. Hili nililisoma baadaye sana. Miaka yote niliyopita pale na begi langu la glavu, sikuwahi hata kujua jina lake.

Basi, juu ya ngazi za umeme kulikuwa na matao, nayo yamevikwa nakshi hizo hizo. Ukipanda kutoka chini ndiyo yanakupokea. Ramani mpya ilitaka ukumbi wa tiketi mkubwa zaidi, karibu mara sita ya ule wa zamani, na matao yakawa yamesimama njiani. Wakayabomoa. Watu wakapandwa na hasira. Jumuiya inayotetea majengo ya karne ya ishirini ikaja juu, magazeti yakaandika, na waraka wa saini ukazunguka ukapata watu zaidi ya elfu nane. Wengine waliita ni uharibifu wa makusudi.

Kiungo cha ule waraka nilitumiwa na msichana wa mapokezi wa ofisi moja niliyokuwa nasafisha. Sikutia saini. Nilimwambia nitaitia kesho, na nilijua naongopa. Moyoni nilikuwa nasema: vunjeni hata paa, ili mradi treni yangu isimame. Tulikuwa na mzee mmoja wa Mombasa kwenye zamu yetu, yeye hata hakuficha. "Wewe wataka picha ama wataka kufika kazini?" Tukacheka, tukaendelea kupiga deki.

Lakini kuna kauli moja iliyonikwaza hata nikiwa na hasira zangu za Holborn. Wasimamizi wa usafiri wa London walijibu kwamba asilimia 95 ya nakshi zitabaki. Hesabu yenyewe sina ugomvi nayo. Ila chukua nyumba ya Kiswahili, ng'oa mlango wake wa nakshi uondoke nao, halafu nipigie hesabu: umebakiza asilimia ngapi ya nyumba? Hata mwizi wa mlango anaweza kujitetea hivyo.

Desemba treni zikaanza kusimama tena. Nakumbuka jioni ya kwanza. Jukwaani kuta zimeoshwa, vioo vinang'aa kuliko nilivyowahi kuviona, na palipokuwa pamebanduka pamezibwa kwa ustadi mpaka huoni kiraka. Nikafurahi kweli. Nikapanda ngazi, na nilipokaribia juu nikainua uso. Sikuwa na sababu ya kuinua uso. Shingo yenyewe iliinuka, kwa mazoea ya miaka saba ambayo sikujua ninayo. Hakukuwa na kitu. Dari safi, taa nzuri, nafasi kubwa. Nilisikia kama mtu aliyemwamkia jirani kwenye baraza na kukuta kiti kitupu.

Vipande vya yale matao vilipelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Paolozzi alisoma sanaa katika mji huo, kwa hiyo unaweza kusema amerudishwa kwao, ijapokuwa amerudi vipande.

Sasa nimrudie mama. Tulipotoka makumbusho (vyetu vimo, na hakupendezwa, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine) nikaamua turudi kwa Central ili aone kuta. Mama ana fimbo, na ngazi za umeme haziwezi, anasema zinamvuta miguu kama mkondo wa maji. Tukaingia kwenye ule ukumbi mpya. Pana nafasi ya kutembea pole pole bila mtu kukusukuma, na Daniel Buren, Mfaransa, ameweka pale maumbo yake ya rangi na michirizi myeusi, ambayo mama aliyaangalia na kuuliza kama ni duka la watoto. Tukapanda lifti. Ndani alikuwepo mama mwenye gari la pacha na kijana mmoja wa kiti cha magurudumu anayesikiliza muziki wake. Lifti hizi zilikuja na matengenezo yale yale. Kabla ya hapo, mama yangu asingefika jukwaani mpaka abebwe, na mimi kwa miaka yote ile sikuwahi kujiuliza wenye magoti kama yake wanapita wapi. Hawakuwa wanapita.

Huko chini akausogelea ukuta, akaugusa kwa kiganja chote, kama anavyogusa kitambaa dukani.

"Ni vioo hivi?"

"Ni vioo, mama."

"Kimoja kimoja?"

"Kimoja kimoja."

Akaendelea kupapasa. Kisha akaniuliza kama nakumbuka Tongoni. Nakumbuka, nani wa Tanga asiyeikumbuka? Shule ilitupeleka. Ni kusini mwa mji, magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya arobaini, baadhi yake yamejengwa na nguzo za mawe, nyingi sasa zimelala chini. Wazee wa zamani walipachika mabakuli ya kaure kutoka mbali kwenye yale mawe. Mabakuli hayapo tena. Zimebaki alama za duara, na sisi watoto tulikuwa tunaingiza ngumi mle tuone kama inaenea.

"Nani aliyaondoa?" nikamuuliza.

"Sijui. Sisi tulikuta mashimo." Akagonga ukuta kwa ukucha. "Hawa je, wameng'oa chochote?"

Nikamwambia juu, kwenye ngazi, palikuwa na matao. Akataka kujua kama yalikuwa mazuri. Nikajikuta siwezi kumwambia yalikuwa na picha gani. Najua yalikuwa na rangi. Nimepita chini yake mara elfu na zaidi.

Treni ikaja. Kijana akampisha kiti, akakaa, fimbo katikati ya miguu, akawa anageuka dirishani mpaka ukuta ukaisha na giza likaanza.

"Rangi nimeziona," akasema. "Vitu vyenyewe sikuviona. Kesho tuje tena, na miwani ushike wewe."