Kwa nini programu za kocha hufutwa mapema

Mtu hupakua programu ya kocha siku ambayo hamu imempanda: anataka kukimbia, kulala mapema au kupunguza uzito. Hamu hiyo haikai, na wabunifu wengi huimalizia mlangoni. Barua pepe, nywila, maswali 20 na kitu, kisha kadi ya benki kwa ajili ya siku 7 za bure. Mpaka hapo mtumiaji hajafaidika na lolote. Zoezi la dakika 2 lije kwanza, akaunti ifuate.

Anayevuka hapo hukutana na kazi ya kujaza. Chakula ndicho kero kuu: utafute jina la mlo, ukisie gramu, kesho urudie yale yale. Akipitiwa siku moja, hesabu ya siku alizojaza mfululizo inarudi sifuri, na siku 40 za jasho hazionekani tena kwenye skrini. Nani hatakata tamaa? Adhabu hiyo haina msingi. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London walikuta kwamba tabia ilichukua kati ya siku 18 na 254 kuzoeleka, na kwamba kukosa mara moja hakukuvuruga mambo sana. Lengo la siku 4 kati ya 7 linastahimili homa, safari na wageni.

Arifa nazo zina mtego wake. Kwenye iPhone dirisha la ruhusa hutokea mara moja. Tangu Android 13, ya mwaka 2022, huko nako lazima ruhusa iombwe. Ukiomba programu inapofunguliwa tu, utakataliwa, na mtumiaji hatahangaika kwenda kwenye mipangilio kuirudisha. Subiri mpaka achague mwenyewe saa ya kukumbushwa, ndipo uombe.

Dawa yenye nguvu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni binadamu. Ujumbe mmoja kwa wiki kutoka kwa kocha halisi aliyesoma kilichojazwa huwashikilia watu kuliko beji kumi.

Tena si kila anayeondoka ameshindwa. Aliyezoea kukimbia bila kukumbushwa hana haja ya kocha wa simu. Ila ajue kwamba kufuta programu hakusimamishi makato. Usajili husitishwa kwenye akaunti ya Google Play au App Store, na ni vyema kufanya hivyo siku mbili kabla siku za bure hazijaisha.