Baridi ya Durban iko ndani ya nyumba

Kaka yangu mkubwa kanitumia sauti kutoka Wete, kwetu Pemba, anacheka. Kaona picha yangu niko ufukweni hapa Durban, Afrika Kusini, na koti na kofia ya sufi, nyuma yangu jua limewaka na watu wako majini wanaoga. "Acha maigizo," anasema, "hao wenzio mbona hawatetemeki?" Akamalizia kwamba binamu yetu yuko Toronto, kunakoanguka theluji, na hajapata kulalamika. Limeniuma neno hilo, wallahi. Wiki ile ile nilikuwa nimemwomba anivumilie kidogo kwa fedha za bati za mama, nikamwambia Julai hii umeme umenikausha. Kumbe kaona natafuta kisingizio.

Basi naandika, asome yeye na wasome wengine wote wanaoambiwa Durban ni pwani kama kwetu, njoo na shati lako tu.

Mchana sina la kuulaumu. Mchana wa Julai hapa ni nyuzi 22 au 23, mbingu safi, mvua ni chache kwa kuwa mvua zao hunyesha wakati wa joto. Bahari nayo haishuki sana chini ya nyuzi 20, kwa sababu mkondo wa Agulhas unateremsha maji ya moto kutoka upande wa Msumbiji. Maji hayo ni jamaa zetu kabisa. Mkondo unaotoka mashariki ukishapita ncha ya kaskazini ya Madagascar unapiga bara karibu na Cape Delgado, na hapo unagawika: nusu inapanda kwetu Pemba na Unguja, nusu inashuka huku. Watu wa Johannesburg, ambao usiku wao huganda majani, hukimbilia Durban mwezi huu kuota jua. Hao ndio waliokuwa wanaoga nyuma ya picha yangu, na jioni wanarudi hotelini.

Lakini picha hupigwa mchana. Jua linazama saa 11 na robo. Saa za huku ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo mama akinipigia wakati wa Magharibi, adhana ya hapa inakwisha tu ndipo ya Wete inaanza. Asubuhi ndipo tunapoachana. Huku jua linachomoza kama saa moja kasoro dakika 10, ambayo Pemba ni saa mbili kasoro dakika 10, nyinyi mmeshakunywa chai, watoto wako skuli. Usiku ni karibu saa 14, hauna wingu la kuzuia joto lisipotee, hewa ni kavu, na kufika alfajiri kipimo kinasoma nyuzi 11, siku nyingine 9. Kwetu kipupwe kikikaza na kusi likivuma watu wanatoa masweta, na hata hapo usiku wa kisiwani ni nyuzi 20 na ushei.

Sasa kuhusu binamu wa Toronto. Nje kwake ukifika msimu wao wa baridi kuna theluji, ndiyo, ila yeye halali nje. Nyumba yake ina joto, na sheria ya jiji lake inamlazimisha mwenye nyumba apashe joto vyumba wakati wa baridi. Analala na fulana. Mimi nyuzi 11 nalala nazo. Nyumba za Durban zimejengwa kwa ajili ya Januari na Februari, ambapo joto na unyevu wake Mzanzibari yeyote anaujua: madirisha makubwa yasiyofunga sawasawa, sakafu ya vigae, kuta zisizozuia baridi, na mfumo wa kupasha joto haupo kabisa. Baridi ikishaingia haitoki. Mara nyingi saa tatu za asubuhi barabarani kuna joto kuliko chumbani kwangu.

Mimi ni fundi wa kushona, na kazi yangu naifanya humo humo chumbani. Asubuhi ukishika gurudumu la cherehani, chuma kinauma kiganja mpaka kwenye mfupa. Mafuta ya mashine yamekuwa mazito, mguu unasukuma na kanyagio linagoma. Kutunga uzi kwenye sindano, jambo ninalolifanya macho yamefumba, nakosa na kurudia kwa sababu ncha za vidole hazihisi kitu. Kola ya kanzu inataka vidole vilivyo hai. Kwa hiyo nasubiri, na fundi anayesubiri halipwi.

Chumba changu dirisha lake linatazama kusini, na hapa naomba anayejipanga kuja asome mara mbili. Durban iko kusini sana kuliko sisi, na Julai jua linapita chini chini upande wa kaskazini. Dirisha la kaskazini linapata jua mchana kutwa. La kusini halipati hata mwale, ukuta unalowa, na nyuma ya kabati unaota koga nyeusi. Vyumba hivyo ndivyo vinavyokuwa rahisi, na ndivyo tunavyopewa sisi wageni. Uliza dirisha linatazama wapi kabla hujatoa pesa ya dhamana. Mwenye nyumba wangu alinionesha chumba mwezi wa Novemba, akakisifu kwa ubaridi wake.

Umeme sasa. Tunanunua kwanza ndipo tunatumia, kama tukuza, umeme wa kulipia kabla wa nyumbani Zanzibar. Hita ya wati 2,000 inakula yuniti 2 kila saa. Iwashe tokea Magharibi hadi saa nne za usiku, karibu yuniti 10 zimekwenda, na ukiizima robo saa tu chumba kimerudi kama kilivyokuwa. Kwetu ukiwa na taa, feni na simu za kuchaji, yuniti 10 unakaa nazo siku ngapi? Na bei za umeme za jiji hupanda tarehe 1 Julai, maana ndipo mwaka wao wa fedha unapoanza. Yaani zinapanda mwezi ule ule ambao huwezi kujizuia. Hilo ndilo lililokula bati za mama, kaka. Sikuzichezea.

Tena usidhani baridi inatulia ukaizoea. Kuna siku upepo unashuka kutoka nyanda za juu za bara, ukiteremka milima ya Drakensberg unajibana na kupata joto, na ghafla katikati ya Julai ni nyuzi 30, midomo inapasuka kwa ukavu. Unavua sweta, unafua mablangeti. Jioni upepo unageuka unatoka kusini magharibi, na ndani ya saa chache joto limeanguka zaidi ya nyuzi 10, wewe mablangeti yako yako kwenye kamba. Vifua vinaanzia hapo.

Jema nalo nilitaje, maana limenigusa kuliko yote. Kuna bibi mteja wangu anatoka mtaa wa Chatsworth, katika jamii ambayo hapa inaitwa Wazanzibari. Wazee wao, wengi Wamakua, walikombolewa na manuwari za Waingereza kwenye majahazi ya watumwa wakaletwa Durban kuanzia 1873. Wa kwanza walishushwa Agosti, baridi kama hii. Waliishi King's Rest, kule Bluff, mpaka serikali ya ubaguzi ikawahamishia Chatsworth miaka ya 1960, na dini yao wameishika mpaka leo. Bibi alikuja kuchukua baibui lake akanikuta nashona nimejifunga kikoi miguuni. Hakusema kitu. Siku ya pili mjukuu wake kaniletea blangeti zito la sufi na chupa ya mpira ya kutia maji ya moto, na ujumbe: mtu wa Zanzibar halali na baridi sisi tuko hai. Yeye Zanzibar hajapata kuikanyaga. Chupa ile naiweka mapajani ninaposhona, naichemshia maji kwa birika, na vidole vimerudi kazini.

Pesa amekataa. Kwa hiyo anayetoka Pemba kuja huku kabla ya Septemba, na nafasi anayo kwenye begi, anitafute: nataka makopo mawili ya halua ya Wete kwa ajili ya bibi huyu, na fedha nitampa kaka akukabidhi kabla hujapanda boti.