Bia za bei chee, chupa ya 4: Sternburg, ya baridi na ya moto

Haya wazee, ya 4 imeshashuka. Safari hii ni Sternburg Export, bia ya hapa hapa Leipzig, Ujerumani, wenyeji wanaiita Sterni, nusu lita, asilimia 5.2 na hata euro moja haifiki, juu yake unaweka senti 8 za chupa ambazo unarudishiwa ukipeleka tupu (kopo ni senti 25 ndo maana makopo siyataki). Hiyo Export ni aina tu ya lager, zamani zilipikwa kali kidogo ili zivumilie safari, jina likabaki.

Sasa zile 3 za kwanza nilizinywa zote baridi ya kuuma meno na nikisoma daftari langu zote nimeandika kitu kilekile, "safi, nyepesi", yani ungedhani naonja maji. Nikamkumbuka baba mdogo kule Moshi, mhudumu akimuuliza baridi au moto sijawahi kumsikia akisema baridi. Basi nikanunua mbili, moja friji, moja juu ya kabati. Kwa kweli zilikuwa tatu, moja niliitupia friza ili iwahi, usingizi ukanipitia, ikapasuka, nimekwangua vipande vya chupa kwenye barafu mpaka saa sita usiku.

Ya baridi: dhahabu, povu jeupe lililokaa dakika moja hivi likaaga, inashuka bila kelele, uchungu kwa mbali sana mwishoni. Imeisha hiyo.

Ya moto (moto wa chumba changu lakini, digrii 17, sio wa Dar saa nane mchana) ndo nilikaa nayo. Kimea kikajitokeza chenyewe, harufu ya mkate ambao haujatoka tanurini, utamu ukabaki nyuma ya ulimi halafu hopsi (yale maua yanayotiwa kwenye bia) zikaja taratibu na uchungu wa majani makavu. Baba mdogo kumbe anajua! Ila robo ya mwisho ilinishinda, gesi imekata na ule utamu ukageuka kama uji wa jana.

Kwangu mimi itoe friji, iache dakika 15 ndo uifungue. Alama 6.5 kwa 10, ya baridi peke yake ningeipa 5.

Inayofuata ni Oettinger Pils ya Bavaria. Mbili ziko tayari, moja friji, moja kabatini, na mlango wa friza nimeubandika selotepu.